Nyota moja, sayari ngapi? Namna ya kuzihesabu

Usiku pale Birere, mtaa wa Goma, umeme ukikatika, simama mbali na duka moja yenye taa. Kila chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) ikipita mbele ya ile taa mwanga unapungua, ata kama chukudu yenyewe huioni, na yenye magunia mingi inaficha mwanga mingi kuliko ile tupu. Njo vile tunatafuta sayari za nyota zingine, ila sayari inarudia kwa zamu, chukudu haina saa.

Data ni za bure, za TESS, satelaiti ya Marekani ilirushwa 2018. Mimi napakua usiku juu mega za usiku ni za bei chini, halafu nafungua na Lightkurve, ni programu ya Python (lugha ya kompyuta), nayo ya bure.

Sasa grafike ya mwanga wa nyota siku kwa siku: kila pahali mwanga unapungua inaonekana kishimo. Usikimbilie vishimo vyote pamoja, anza na vyenye kufanana kina. Tuseme viko siku ya 2, 5, 8, 11, 17: sayari ya kwanza, inazunguka siku 3. Vifute kwa data, tafuta tena. Vimebaki 4, 9, 19. Je, 14 iko wapi? Umeifuta mwenyewe! Siku ile ilikuwa zamu ya zote mbili, rudi uangalie, kishimo cha 14 ni kirefu kupita vingine juu vina viwili vimejumlishwa. Sayari ya pili, siku 5. Futa tena, rudia mpaka ibaki makelele tu, ni kusema mwanga kutikisika-tikisika bila zamu.

Mimi mara ya kwanza sikufuta kitu, nikachanganya vya sayari mbili nikasema ni moja yenye kuchelewa-chelewa, nikajisifu kwa grupu ya WhatsApp siku mbili nzima. Ata wavumbuzi wa sayari za nyota TRAPPIST-1 mwaka 2016 walihesabu tatu, kumbe ile ya tatu ilikuwa vishimo vya sayari kadhaa vimechanganyika, 2017 zikafika saba.

Kina kikiwa 1% ya mwanga, upana wa sayari ni kama sehemu moja ya kumi ya nyota yake. Ukiona kirefu, kifupi, kirefu, kifupi, wacha, mara mingi ni nyota mbili zinafichana.

TESS inaangalia sehemu moja ya anga siku 27 hivi na katikati inapumzika kutuma data, kwa hiyo kishimo chenye kuja mara moja tu usikitupe, andika tarehe, ungoje irudi upande ule.