Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Maikrofoni ya Kamera ya Safari

Kamera ndogo ya video huja na maikrofoni yake ya ndani, nayo hunasa kwa bidii kila kilicho karibu nayo: vidole vinavyosugua mwili wa kamera, mota ya lenzi inapovuta picha, na hata pumzi za anayerekodi. Sauti ya mtu aliyesimama mita tatu mbele huja nyuma ya hayo yote. Msafiri anayetaka kurudi na maneno ya fundi majahazi wa Nungwi au ya muuza urojo wa Forodhani, huko Zanzibar, mbali na picha zao, atahitaji maikrofoni ya nje, na kabla hajatoa fedha inampasa aanze kwa kuichunguza kamera aliyonayo.

Ahakikishe kwanza kwamba kamera hiyo ina tundu la kuchomekea maikrofoni, kwa kuwa si zote zinalo. Sony HDR-CX405, ambayo ni nyepesi na ya bei ya chini, haina tundu hilo, ilhali Canon HF R800 inalo. Asiye nalo hana budi kurekodi sauti kwenye chombo kingine na kuiunganisha na picha baadaye. Tundu la kawaida ni la milimita 3.5, sawa na lile la spika za masikioni za simu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama, kwa sababu pini zake zinafanana lakini hazifanyi kazi moja. Ukiisogeza pini karibu na jicho utaona mistari ya plastiki, aghalabu myeusi, inayoizunguka: yenye mistari miwili ndiyo ya kamera, na yenye mitatu ni ya simu. Maikrofoni nyingi za bei nafuu za kubana kwenye kola zina pini ya simu, na zikichomekwa kwenye kamera bila adapta hutoa sauti hafifu au hazitoi kabisa.

Kuhusu umeme, matundu ya kamera nyingi hutoa volti chache zinazotosha kuendesha maikrofoni ndogo isiyo na betri, mfano wa RØDE VideoMicro. Maikrofoni za studio zinazodai volti 48 haziwezi kuendeshwa hivyo. Nyingine hubeba betri zake zenyewe, ingawa kwa safari mimi naziona za kusumbua, maana swichi ikisahauliwa usiku, asubuhi hakuna kazi.

Suala la aina ya maikrofoni ndilo linalobishaniwa zaidi madukani, na jibu lake linategemea umbali kuliko bei. Mahali pa wazi, kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, huku kelele za barabarani zikibaki palepale. Ndiyo maana maikrofoni ndefu ya mwelekeo mmoja, hata iwe ghali, ikikaa juu ya kamera mita nne kutoka kwa msemaji hushindwa na kijimaikrofoni cha kawaida kilichobanwa kifuani pake. Ile ndefu inafaa zaidi nje, pale ambapo haiwezekani kumfungia mtu waya. Ndani ya vyumba vya Mji Mkongwe, vyenye dari za juu na kuta ngumu za chokaa, mwangwi huipunguzia ubora wake wote. Anayekwenda kuzungumza na watu, naye ana fedha za maikrofoni moja tu, namshauri achukue ya kubana kwenye nguo.

Hiyo ya kubana inaweza kuwa ya waya au isiyo na waya. Ya waya haina mambo mengi, isipokuwa inamfunga msemaji mahali pamoja. Zisizo na waya za siku hizi nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi, na mwili wa binadamu huyazuia: msemaji akigeuka na kisambaza mawimbi kikawa upande wa pili wa mwili wake, sauti inaweza kukatikakatika. Anayetumiwa na nduguye aliye ng'ambo seti kuukuu ya UHF, yaani ya masafa ya redio ya megahezi mia kadhaa, aangalie masafa yake kabla ya kuipokea, kwani sehemu za masafa hayo zimepewa mitandao ya simu. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku maikrofoni katika sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600 tangu Julai 2020.

Upepo ni adui wa pwani yote. Kusi linapovuma, sponji nyembamba inayokuja ndani ya boksi haisaidii kitu. Kinachohitajika ni kifuniko cha manyoya marefu kinachoizunguka maikrofoni yote bila kuacha uwazi, na kwenye jahazi hata hicho hakitoshi ikiwa mrekodi amesimama tezi akiuelekea upepo. Maikrofoni ikiwa na swichi ya kupunguza sauti nzito, iwashwe. Mvumo uliokwisha kuingia kwenye rekodi na kuzidi kiwango hauondoki kwa programu yoyote bila kuyaharibu maneno, kwa hiyo kifuniko hicho kinunuliwe siku moja na maikrofoni yenyewe.

Lililobaki ni jaribio la nyumbani. Kama kamera inaruhusu, zima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, ambao hupandisha kelele kila mtu anaponyamaza, kisha upange kiwango chako ili maneno makali yafike karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kamera, ambacho sifuri yake ndiyo kikomo cha juu. Sikiliza kwa spika za masikioni, si kwa kutazama vipimo kwenye skrini, kwani vipimo hupanda hata kama kinachoingia ni mkwaruzo wa kanga kwenye maikrofoni. Weka simu mfukoni mwa msemaji ikirekodi sauti ya akiba, na kila kipande kianze kwa kofi moja mbele ya kamera ili rekodi hizo mbili ziweze kuoanishwa wakati wa kuhariri.