Kuweka bamba la mshairi kwenye ukuta wa Lamu

Wazo la kwanza huwa sanamu. Liacheni. Sura ya mshairi Mwana Kupona binti Msham haijulikani, na wenyeji wengi wa Lamu hawatakubali sanamu ya mtu mtaani. Kinachofaa ni bamba la jiwe lenye jina lake na ubeti mmoja au miwili ya utendi wake wa 1858.

Kibali kwanza. Mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo msitoboe chochote kabla ya kupata ruhusa ya maandishi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwenye nyumba naye aweke sahihi. Ukuta ukiwa wa wakfu, anayeidhinisha ni msimamizi wa wakfu, si mpangaji.

Jiwe la matumbawe la Manda Maweni ni zuri kwa ukuta lakini halifai kwa maandishi: vitundu vyake humeza herufi ndogo. Chukueni graniti ya sentimita 60 kwa 40, unene 3. Uzito wake ni kama kilo 20, watu wawili wanalimudu.

Maandishi ndiyo yanayoharibika kwa urahisi zaidi. Miswada ya zamani ya Kiswahili, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi huandika sauti ya "p" kwa herufi ya be. Amueni mapema kama mtafuata mswada au hati ya siku hizi, msichanganye. Msomaji mwingine wa hati za Kiarabu aukague mchoro kabla fundi hajaanza kuchonga, maana nukta iliyosahaulika hairudishwi kwenye graniti. Herufi za Kilatini ziwe na kimo cha sentimita 2.5 angalau, na nukta za Kiarabu ziwe na upana wa milimita 4. Zikiwa ndogo zaidi, chokaa ya kupaka ukuta itazijaza.

Ukingo wa chini wa bamba uwe mita 1.5 kutoka chini. Punda wa mchanga na mawe hupita wakisugua kuta, na shogi, mfuko wa mizigo mgongoni mwa punda, haina adabu.

Tumieni pini nne za chuma cha pua cha daraja la 316, kipenyo milimita 8. Chuma cha kawaida hushika kutu kwa hewa ya bahari, kikavimba na kupasua jiwe. Toboeni ukuta bila kugonga, kwa kina cha sentimita 8, mashimo yainame kidogo kuelekea chini ndani ya ukuta.

Msitumie saruji. Huzuia unyevu kutoka, chumvi inajikusanya nyuma yake, na mwishowe ukuta hubanduka vipande. Changanyeni chokaa fungu 1 na mchanga mafungu 3, mchanga uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga wa matuta ya Shela msiuguse: ndiyo yanayohifadhi maji ya mji. Wekeni matonge ya udongo huo wa chokaa nyuma ya bamba, mkiacha nafasi chini ili maji yatoke, kisha funikeni kwa gunia bichi siku 7. Chokaa ikikauka upesi hugeuka unga. Msifanye kazi hii wakati wa masika.

Ukuta unapopakwa chokaa, funikeni bamba kwa nailoni. Herufi zikijaa, zikwangueni kwa kijiti, si msumari. Asidi isitumike kabisa: inayotiririka hula matumbawe ya ukuta.