Boliti za flaiwili zinakatika? Usikimbilie kununua ngumu zaidi

Wakuu, kama una Subaru yenye injini ya EJ20 ya tabo, au gari lolote uliloongezea nguvu, na boliti za flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini) zinakatika, usikimbilie dukani kutafuta za daraja la ugumu la 12.9 maana zitakatika tena. Mimi zilinikatikia seti mbili ndani ya mwaka mmoja, ya pili nikiwa napandisha kutoka Usa River kuja mjini Arusha, nikasikia mlio kama kokoto kwenye debe, nikikanyaga klachi unabadilika, nikajua tayari.

Kwanza elewa kitu kimoja: kazi ya boliti ni kubana. Nguvu ya injini inatakiwa ipite kwenye msuguano kati ya uso wa flaiwili na uso wa kranki, haitakiwi kabisa kuegemea boliti. Ukishapoteza mbano flaiwili inaanza kucheza kidogo kidogo, boliti inapinda na kurudi kila injini inapovuta, na chuma chochote ukikipinda na kukirudisha mara nyingi kinakatika, hata kiwe kigumu vipi.

Sasa ukishusha gia boksi, kabla hujagusa kitu weka namba kwa rangi kwenye kila boliti na alama kwenye kranki, na mwambie fundi asitupe vipande (wangu alishavitupia kwenye pipa la vyuma chakavu, tukachakura nusu saa nzima). Vioshe kwa petroli, nenda juani, geuza polepole uangalie pale palipokatika. Ukiona sehemu laini yenye mistari iliyojipinda kama mawimbi ya mchanga, halafu upande mwingine una chengachenga za kijivu, hiyo imekatika kwa kuchoka, ilianza ufa mdogo zamani. Mara nyingi utakuta moja au mbili ziko hivyo na zilizobaki ni chengachenga tupu: hizo zimeelemewa tu baada ya wenzao kuondoka, kwa hiyo usizilaumu. Ukiona shingo imevutika ikawa nyembamba, hapo kuna mtu alikaza kupita kiasi, na aisee impakti (mashine ya kukazia boliti) ya gereji zetu haijui kuacha.

Halafu angalia kranki na mgongo wa flaiwili. Unga mwekundu kama kutu na matundu yaliyopanuka kuwa kama yai maana yake flaiwili ilikuwa inacheza. Kwangu unga ulikuwepo, na chini yake kulikuwa na rangi! Aliyenichongea flaiwili kwenye lezi aliipulizia rangi isishike kutu, mpaka pale inapokaa kwenye kranki, na hela ya rangi akanitoza. Rangi ikipata moto inalainika na kusinyaa, boliti zinabaki zimelegea wakati toki renchi (spana ya kupimia mkazo) ilishasema tayari. Ikwangue yote, futa na thina, usiache hata tone la oili.

Kama umeweka flaiwili nyepesi pima urefu wa boliti, maana zile huwa nyembamba katikati na boliti inaweza kugota mwisho wa tundu kabla haijabana. Izungushe kwa mkono bila flaiwili uhesabu mizunguko, kisha rudia ukiwa na flaiwili, tofauti utaiona mwenyewe. Na usinunue boliti ya 8.8 ya duka la vyuma, hiyo 8 inamaanisha nguvu ya kama megapaskali 800, wakati 10.9 inafika 1000.

Kufunga: boliti mpya, nyuzi safi, loktaiti ya bluu (gundi ya nyuzi) kidogo. EJ20 ina boliti nane, kaza kwa msalaba, 30 kwanza, halafu 50, malizia 72 Nm, ila injini nyingine ina namba zake na nyingine inataka uzungushe boliti digrii kadhaa baada ya toki, soma manyuo (kitabu cha gari). Kama puli ya kranki ina raba iangalie pia, ikichanika au mtu akiweka puli ya chuma kitupu mtetemo wote unaishia huku nyuma.

Kabla hujarudisha gia boksi papasa pini mbili zinazoipanga na injini. Magari mengi yaliyoshushwa injini mara kibao hayana, zinadondoka na hakuna anayeziulizia, kisha gia boksi inakaa kombo na shafti inaisukuma klachi pembeni kila mzunguko. Zisipokuwepo usifunge.