Mpelekee mchoro, siyo ombi la ushauri

Mwanafunzi wa uhandisi uliye fildi (mafunzo ya kazini) kiwandani Nyakato au Igogo, Mwanza, ukitaka mhandisi mkongwe akushike mkono, usimwendee na "naomba ushauri, mzee". Atakwambia usome kwa bidii, basi. Chora kwa penseli kitu kimoja ulichokiona kazini, mfano pampu ya maji: vali ya kuzuia maji kurudi iko upande gani, geji ya presha inasoma bar ngapi. Kisha: "Shikamoo mzee, hapa nimekosea wapi?" Mchoro wenye kosa humwasha mhandisi, atakunyang'anya penseli arekebishe mwenyewe, na maelezo yatamiminika. Mtambo ukiwa umezima ghafla na yeye anahangaika nao usijaribu, utafukuzwa (na ni halali yako). Viwanda vingine pia havitaki mchoro utoke getini, uliza kwanza.