Jinsi ya kuonyesha, ukiwa Tanga, upande inakozidi kutoka miale ya kosmiki ya nje ya galaksi yetu

Miale ya kosmiki ni chembe zenye nishati kubwa zinazoifikia Dunia kutoka anga za mbali. Chagua katikati ya Februari, saa 3:30 usiku, siku za karibu na mwandamo ili mbalamwezi isifute nyota. Simama ufukweni Raskazone. Makka iko karibu kaskazini kamili mwa Tanga, hivyo ukiipa kibla mgongo umeelekea kusini bila dira. Taa za mji ziwe mkono wako wa kulia.

Inua kichwa sana. Ile inayong'aa kuliko nyota zote, karibu na utosi, ni Shira, ambayo wengine huiita Sirius. Shuka kusini ngumi tatu na nusu za mkono ulionyooshwa, utakutana na Suheli, ile ya manahodha. Wengi hukosea hapa: shingo huchoka kabla ya kufika juu, jicho likadaka Suheli na kuiita Shira. Suheli iko nyuzi 42 tu juu ya upeo. Shira ni 78.

Gawa mstari wa Shira na Suheli mafungu matano. Fungu la kwanza kutoka Shira linapoishia, hapo ndipo miale hiyo inakozidi kutoka.

Mwaka 2017 watafiti wa kituo cha Pierre Auger, Argentina, walitangaza hesabu ya chembe zaidi ya 30,000, kila moja ikiwa na nishati inayozidi elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 8 ikifuatwa na sufuri 18. Zilinaswa kwa matangi 1,600 ya maji, lita 12,000 kila moja, yaliyotapakaa eneo la karibu mara mbili ya Unguja. Upande huu wa mbingu ulizidi wastani kwa takriban asilimia 6.

Kwa nini nje ya galaksi? Rudi katikati ya Agosti, saa 2:30 usiku. Nyuzi 24 kusini ya utosi, kando ya mkia wa kundi la nyota la Nge, kipo kiini cha Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu. Chembe hizi zingezaliwa humu ndani, wingi wake ungeelemea huko. Lakini kilele kiko nyuzi 125 mbali nacho.

Usimwambie mtu kwamba chanzo kiko nyuma ya alama yako. Chembe hizi zina chaji, na sumaku ya galaksi hupinda njia zake. Isitoshe, ongezeko hupanda polepole kuvuka nusu nzima ya mbingu, na kilele chenyewe kina kosa la ngumi moja hivi kila upande. Kwa hiyo usinyooshe kidole. Nyoosha mkono, tandaza shubiri: nyuzi 20 hivi, ndio upana wa kweli.