Saileji ya ng'ombe wawili: shimo, nailoni na visigino vyako

Juzi nimerudi kutoka kwa shemeji yangu, huku huku Arumeru, mgongo ukiwa bado unauma. Tumefukia saileji yake ya kwanza, yaani malisho mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa bila hewa. Kabla ya masika alinipigia akasema, "Shemeji, kiangazi kilichopita nimenunua mabua makavu mpaka nimechoka, nauza ng'ombe." Nikamwambia asiuze, aongeze nusu ekari ya mahindi, nitakuja tuvundike. Maswali aliyoniuliza siku ile ndiyo niliyokuwa nayo mimi nilipoanza, kwa hiyo nayaandika.

Hatua ya 1: Piga hesabu, ndipo uchimbe

Ng'ombe chotara wa maziwa mhesabie kilo 20 za saileji kwa siku, ukichanganya na majani mengine. Ng'ombe wawili kwa siku 90 ni kilo 3,600. Shimo lililoshindiliwa vizuri kwa miguu hubeba kama kilo 500 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 7 hivi.

Hapa watu wengi hukosea. Wanachimba shimo pana, mita 2 kwa 3, kama la choo. Ukianza kulisha, unachukua kilo 40 kwa siku kwenye uso mpana, sawa na kukwangua sentimita chache tu. Hewa inakimbia kuliko wewe, na kila asubuhi unakuta uso una joto. Chimba jembamba: upana mita 1, kina mita 1. Hapo kilo 40 zinakula sentimita 8 kwa siku. Mimi nachimba mawili ya mita 3.5 kila moja badala ya moja la mita 7, kwa sababu moja hujazwa likaisha siku hiyo hiyo, na la pili linakaa limefungwa huku unalisha la kwanza.

Chimba kwenye mteremko, mdomo uelekee chini, na upande wa juu weka mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Hatua ya 2: Kata mahindi kwa wakati wake

Hatua ya mahindi ya kuchoma iwe imepita kidogo. Bonyeza punje kwa ukucha: ikirusha maziwa, subiri, ikiwa ngumu kabisa, umechelewa. Unataka iwe kama unga uliokandwa. Kisha katakata mche mmoja, kamata konzi, kamua kwa nguvu, fungua mkono. Maji yakichuruzika, bado ni mbichi mno. Donge likisambaratika mara moja, limekauka mno. Likifunguka polepole na kiganja kikabaki na unyevu, ita watu.

Hatua ya 3: Katakata

Sentimita 2, mashine ya kukodi, visu vikali. Panga linawezekana, lakini mimi sikushauri.

Hatua ya 4: Kushindilia

Kaa chini usome hii. Shimo langu la kwanza tulianza Jumamosi, mashine ikaharibika mchana, tukafunika turubai tukarudi Jumatatu. Tena tulishindilia katikati tu, kwa sababu pembeni kunateleza na kila mtu alikuwa anaogopa kuchafuka. Nilipofungua mwezi wa nane, kuta zote zilikuwa na ukungu mweusi upana wa kiganja, na katikati kulikuwa na tabaka la kahawia linalonuka tumbaku. Hilo ndilo lililolala Jumapili na hewa yake, likapata moto. Nilitupa karibu theluthi ya shimo, na ng'ombe alikuwa ananitazama.

Saileji haihitaji dawa. Vijidudu vinavyotengeneza asidi ya maziwa vimo tayari kwenye majani, na mahindi yana sukari ya kuvilisha. Vinachotaka ni hewa itoke. Basi fanya hivi:

Tandika nailoni chini na kwenye kuta. Mwaga tabaka la sentimita 15, si zaidi. Ukimwaga nusu mita kwa mpigo utakanyaga juu tu, chini kubaki kama godoro. Anza na pembeni: tembea ukiegemea ukuta, kisigino baada ya kisigino, halafu ndipo uje katikati. Watu wazito wapewe pembe. Katikati viringisha pipa la lita 200 lililojaa maji; linafanya kazi ya watu watatu, ila pembeni halifiki, usidanganyike. Jaribu kwa vidole: vikizama mpaka kiganja, rudia. Ndipo umwage tabaka jingine.

Nawa miguu au vaa buti safi. Udongo na samadi vinaleta vijidudu vya kuozesha, na watoto wakitoka zizini wakaruka moja kwa moja shimoni, mmeharibu.

Molasi (masalia matamu ya kiwanda cha sukari) kwenye mahindi ni kupoteza pesa. Chumvi pia wengine wananyunyiza, sijaona kazi yake. Ukitumia mabingobingo (majani ya tembo) ni habari nyingine: kata yakiwa kama mita moja, yaache yanyauke siku moja, kisha weka molasi kilo 3 hadi 4 kwa kila kilo 100, ukiizimua kwa maji kidogo tu ipite kwenye ndoo ya kumwagilia. Mabingobingo hayana sukari ya kutosha.

Endelea mpaka mahindi yapande juu ya ardhi kama nusu mita, yakae kama paa. Yatashuka.

Hatua ya 5: Funga siku hiyo hiyo

Nailoni nzito nyeusi, siyo turubai. Juu yake udongo unene wa shubiri. Baada ya wiki utaona nyufa, ziba. Zungushia miiba, kwa sababu kuku watachakura na panya watatoboa. Ndiyo maana mifuko ya kuvundikia siipendi, ingawa kwa mwenye ng'ombe mmoja inafaa.

Hatua ya 6: Subiri siku 30

Hatua ya 7: Kulisha

Fungua upande wa chini tu, kata wima kutoka juu hadi chini, rudisha nailoni. Iliyoiva ina rangi ya kijani-manjano na harufu ya siki, karibu na togwa iliyochachuka. Ikinuka samli iliyooza, ilikuwa na maji mengi. Yenye ukungu tupa, usimpe hata ndama, maana sumu ya kuvu inaweza kupita mpaka kwenye maziwa. Anza na kilo 5, panda taratibu kwa siku 10. Mpe baada ya kukamua, vinginevyo maziwa yatabeba harufu. Protini ya saileji ya mahindi ni ndogo, ongeza mashudu ya alizeti au majani ya mti wa lukina.

Shemeji ameshanipigia mara mbili akitaka kufunua "kidogo tu nionje". Leo ni siku ya 6. Nimemwambia akifunua asinipigie tena.