Namna ya kuishi na muziki ukiwa Mtwara au Lindi huku una kazi yako nyingine

Hii namwandikia mtu mwenye shughuli zake, iwe dukani, shuleni, bandarini au kwenye mikorosho, anayependa kupiga muziki na hana mpango wa kuacha kazi. Harmonize ni mtu wa huku Mtwara na lile jina la Konde Boy linatokana na Umakonde wake, kwaiyo vijana wengi wakishika gitaa tu mawazo yanaenda kwenye basi la Dar. Sawa, kila mtu na riziki yake, ila mi nazungumzia yule anayebaki. Huku kusini muziki upo mwingi kuliko tunavyosema, shida tunautafuta ukumbini tu wakati wenyewe unapigwa uwanjani, kanisani, madrasa na kwenye harusi za mitaani.

Jambo kubwa ninalosisitiza ni kwamba tafuta watu wa kupiga nao mapema sana, hata kama unajua kodi (chord) tatu tu za gitaa. Anayejifungia chumbani na YouTube miaka nenda rudi anatoka anajua kukimbiza vidole kweli, ila muweke na mpiga ngoma, kabla ubeti wa pili haujaisha kashapotea kwenye mapigo.

Watu wenyewe wako wapi sasa? Kama unaenda kanisani anza na kwaya, kwaya ndo chuo cha muziki cha bei rahisi kuliko vyote, mazoezi yapo kila wiki, kuna mtu wa kinanda, kuna sauti nne, na Jumapili lazima upige mbele za watu utake usitake. Kama ni Muislamu, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa kote huko kuna vijana wa dufu na kaswida, ukikaa nao msimu mmoja wa Maulidi unatoka na mkono wa mapigo ambao wapiga gitaa wengi hawana. Alafu kuna vikundi vya ngoma, na kuna bendi ndogo na wapiga kinanda wa harusini. Hao wa harusini muulize MC yeyote wa mjini, MC anawajua wote na anajua nani anakosa mtu wa besi.

Ukishapata watu, usiende na gitaa halijatyuniwa, yaani nyuzi hazijawekwa kwenye sauti zake. Weka programu ya kutyuni kwenye simu, zipo za bure, iache kwenye A 440, ndo kipimo cha sauti cha kawaida, maana vinanda vingi vinatoka kiwandani hivyo, na kinanda hakikufuati wewe, wewe ndo unakifuata. Nyuzi kuanzia nene ni E A D G B E. Tyuni ukifika, alafu tyuni tena baada ya nyimbo mbili tatu, maana gitaa lililotoka juani likaingia kivulini linahama.

Kwenye ngoma za ngozi kutyuni kwenyewe ni moto, na hapa naomba ukipata nafasi ukae karibu uangalie. Mzee anawasha makuti au nyasi kavu, anaipitisha ngoma juu ya moto akiizungusha ili ngozi isiungue upande mmoja, huku anagonga katikati kwa ncha za vidole na kusikiliza, mwanzo inatoa sauti nzito iliyolegea, inapanda, inapanda, ikifika anapotaka anaitoa hapohapo. Usiku umande ukishuka ngozi inalegea tena, ndo maana unaona wanarudi motoni katikati ya shughuli. Sio kwamba wanapumzika, wanatyuni, kwaiyo usiwaite waje wapige.

Sasa mapigo. Ngoma nyingi za huku, sindimba ya Wamakonde ikiwemo, mtu aliyezoea kuhesabu moja mbili tatu nne za bongo fleva zinamsumbua, kwasababu mapigo mawili na mapigo matatu yanatembea pamoja. Fanya hivi ukiwa umekaa barazani bila gitaa. Hesabu moja mpaka sita bila kukatisha, mguu ukanyage kwenye moja na nne, viganja vipigwe kwenye moja, tatu na tano. Anza polepole sana. Mwanzoni mguu utataka kufuata viganja, uache ukosee, rudia, siku mbili tatu unashangaa mwili umeshika wenyewe. Hapo ndo uchukue gitaa, mkono wa kulia upige zile tatu mguu ukiendelea na mbili zake, kodi moja tu, usibadilishe. Ukiweza kukaa hivyo dakika tano bila kuyumba, mpiga ngoma yeyote atakupenda.

Kusikiliza nako kuna namna yake. Chukua wimbo mmoja wa dansi la zamani, wa bendi ya NUTA Jazz au Mlimani Park mfano. NUTA ilianza 1964, ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, sahivi ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park ilianza 1978, kwaiyo nyimbo za kusikiliza huzimalizi. Sikiliza wimbo huohuo mara nne. Ya kwanza fuata besi tu, usijali kingine chochote. Ya pili fuata rizimu, lile gitaa linaloshikilia mdundo kwa kodi. Ya tatu sikiliza gitaa la solo, linaloongoza, na la sekondi solo, la pili yake, yanavyojibizana, moja ikisema nyingine inanyamaza kidogo au inapita chini yake, na hicho ndo kitu ambacho wapiga gitaa wetu wa sasa wengi hawana, kila mtu anapiga muda wote. Ya nne sikiliza wapi watu wananyamaza. Tumia hedifoni, maana spika ya simu haitoi besi kabisa, utakuwa unaikisia tu. Ukitaka kuudaka mlio wa solo, YouTube inaruhusu kupunguza mwendo mpaka nusu bila sauti kushuka, daka vipande vidogo vidogo, na uimbe kwanza kwa mdomo kabla ya kushika nyuzi. Kama bando linakusumbua, pakua usiku, sikiliza shambani.

Kwenda kwenye shoo, fahamu mwaka wetu unavyokwenda. Mnada wa korosho unaanza mwezi wa kumi, malipo yakishaingia harusi zinafululiza, bendi kutoka Dar zinashuka, mpaka vijijini Newala na Tandahimba kunakuwa na shughuli. Wakati huo usipange safari za kijinga, ndo wakati wa kuona na kupiga. Likizo za shule kuna jando na unyago. Shaabani inapoisha kuna vunja jungu, Ramadhani kunatulia, huo ni mwezi mzuri wa kurekebisha vyombo na kujifunza nyimbo mpya, alafu Idi kila mtu anataka bendi.

Ukienda, nenda mapema wakati wanafunga vyombo. Salimia, saidia kubeba spika, usiguse chombo cha mtu bila kuambiwa. Simama upande wa mpiga besi, angalia mkono wake wa kushoto na mguu wake. Usiku wa kwanza usiombe kupanda jukwaani, hata kama unajiamini vipi. Nenda tena wakija tena, jifunze nyimbo zao mbili tatu uzijue vizuri mpaka mwisho wake unavyokatwa, alafu siku moja mwambie kiongozi kwa adabu, "Kaka, ule wimbo wenu wa pili naupiga rizimu, ukipata nafasi nishike mmoja tu." Wengi hawakatai, hasa usiku ukishaenda na mpiga rizimu anataka kula. Beba noti ndogo za kutunza, elfu moja moja na mbili mbili. Watu wanamtunza mwimbaji wanamsahau mpiga tumba, we usimsahau.

Shoo zikiwa Masasi piga hesabu ya gesti kabisa, ni kama kilomita 200 kutoka Mtwara mjini. Kutoka Lindi kuja Mtwara ni fupi, mia na kidogo, lakini usiku wa manane usafiri wa kuaminika ni taabu, bora mchange gari watu wanne. Kwenye bodaboda gitaa livae begi lenye sponji, ulikumbatie mbele au lilale ubavuni, likisimama mgongoni shingo inagonga matawi.

Kuhusu unyago na jando niseme wazi. Zile nyimbo zina wenyewe. Nyingine hazitoki nje, nyingine za wanawake peke yao, na mwanaume kujipenyeza na simu arekodi ili apate mdundo wa wimbo wake ni kukosa heshima kabisa, na inaniuma nikiona inafanyika. Nenda kwa mzee au kwa kungwi kabla, eleza unataka nini, ukiambiwa hapana iwe hapana. Kuna ngoma tele za uwanjani ambazo watafurahi ukirekodi, na ukirekodi weka simu mbali na spika, usawa wa kifua, andika tarehe, kijiji na jina la kiongozi wa ngoma, na uwarudishie nakala.

Vyombo vinaliwa na bahari huku. Nyuzi za chuma zinashika kutu upesi, hasa ukikaa Shangani au Mikindani karibu na maji, kwaiyo kila ukimaliza futa uzi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Gitaa la nyuzi za nailoni lina nafuu, ila zile tatu nene zimezungushiwa waya, nazo zifute. Usiliache kwenye gari lililofungwa vioo juani, gundi inalainika na daraja, pale nyuzi zinapofungwa tumboni, linang'oka. Umeme ukikatika zima amplifaya na uchomoe palepale, maana unaporudi unaweza kuja kwa nguvu ukaua chombo. Na hili la hatari zaidi, ukishika gitaa la umeme alafu midomo ikigusa maiki ukasikia shoti, simamisha kila kitu, usiendelee kwa kuweka sponji kwenye maiki, waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haupo au umekatika, mwite fundi. Sherehe nyingi za mitaani umeme unavutwa kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani na ethi haifiki, na watu wanakufa kwa hilo.

Masikio nayo yatunze. Usisimame mbele ya spika za singeli usiku kucha, pamba haizuii sana, tafuta plagi za masikio famasi, na masikio yakiendelea kulia asubuhi ujue ulikaa karibu mno.

Mkishakuwa watatu wanne na mnataka onesho lenu la kiingilio, pitieni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa utamaduni wa halmashauri mjue vibali. Kwenye harusi ya mtu kubalianeni hela kabla, nusu mkononi, na muulize mapema mambo matatu, mnapiga saa ngapi mpaka saa ngapi, umeme unatoka wapi, na chakula kipo. Mgao wa hela fanyeni usiku uleule wote mkiwepo, na aliyeleta spika apate cha spika zake pembeni.